Kwa nini stata hula meno yaleyale: historia fupi ya kuwasha gari

Unageuza ufunguo, gari la zamani linajibu "tak!" kisha kimya. Au linakwaruza kama msumeno uliokutana na msumari. Ukiwa Tukuyu mwezi wa Juni au Julai, baada ya usiku wa baridi na unyevu, hukumu hutoka haraka: "Betri hiyo, nunua nyingine." Kabla hujatoa hela, twende kwanza nyuma miaka zaidi ya 100, maana kila mlio wa stata una historia yake.

Mwanzoni kulikuwa na hendeli. Injini haiwezi kujianzisha yenyewe: lazima kitu kiizungushe kwanza, pistoni zivute hewa na mafuta, zibane, ndipo cheche iwashe. Kwa hiyo mtu alisimama mbele ya gari, akachomeka chuma kilichopinda na kuzungusha kwa mkono. Cheche ikiwahi, injini ilirudi nyuma kwa nguvu na hendeli ikampiga aliyeishika. Mikono mingi ilivunjika hivyo.

Mwaka 1911 Charles Kettering, mhandisi wa Dayton huko Marekani, alitengeneza stata ya umeme, na Cadillac wakaiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912. Tatizo lilikuwa ukubwa: mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno. Lakini Kettering aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya mashine za kupokelea fedha madukani, na huko alizifungia mashine hizo mota ya umeme. Mashine ya namna hiyo inafanya kazi mara moja, kisha inapumzika. Basi alijua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo unaoizidi, mradi iwe kwa muda mfupi.

Stata yako ni mtoto wa wazo hilo. Inakunywa umeme mwingi, ampea 100 na zaidi, na haikuumbwa kuvumilia. Usiishikilie zaidi ya sekunde 10 hivi. Iache ipoe, ndipo ujaribu tena.

Mota ndogo ilihitaji pia msaada wa gia. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, lilikuwepo tayari likitunza mwendo kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Wahandisi wakalivalisha pete yenye meno zaidi ya 100, na stata ikapewa gia ndogo ya meno 9 au 10 hivi. Stata inazunguka mara kumi na zaidi ili injini izunguke mara moja. Kasi inageuka kuwa nguvu. Ila injini ikishawaka, gia hiyo lazima iachie haraka, la sivyo injini itaizungusha stata mpaka isambaratike. Mmarekani mwingine, Vincent Bendix, alieneza mtindo wa gia inayotembea juu ya skrubu: stata ikizunguka, gia inarukia meno, injini ikiwaka, gia inarudishwa. Ndiyo maana fundi anaposema "bendiksi", anataja jina la mtu. Kwenye stata za baadaye, solenoidi ndiyo inayosukuma gia kwanza, kisha inafungulia umeme.

Sasa sikiliza gari lako. "Tak-tak-tak" na taa zinafifia: umeme hautoshi. Anza kwa kusafisha na kukaza vichwa vya betri pamoja na waya unaokwenda bodini. Unyevu wa Rungwe unavipenda sana viungo hivyo. "Tak!" moja huku taa zinawaka vizuri: shuku solenoidi au kaboni za stata. Stata inazunguka "wiii" na injini imetulia: bendiksi haishiki, ile ya mtindo wa zamani huganda kwa uchafu, na mara nyingi kuiosha kwa mafuta ya taa kunatosha. Mkwaruzo: angalia meno.

Na meno yana siri. Injini ya silinda 4 ukiizima haisimami popote tu. Hewa inayobanwa ndani huifanya isimame karibu na sehemu mbili zilezile, zinazotazamana kwenye flaiwili. Ya silinda 6 ina sehemu tatu. Kwa hiyo stata inang'ata meno yaleyale, mwaka hadi mwaka. Kama gari ni la gia za mkono, lipime hivi: zima swichi, weka gia ya juu, lisukume kidogo mahali tambarare, rudisha nyutro, jaribu kuwasha. Likishika safari hii na kesho likakwaruza tena, pete imelika. Stata mpya haitaiponya. Meno mabovu yataila na hiyo. Kwenye baadhi ya magari ya zamani mafundi waliichomoa pete kwa moto, wakaigeuza upande usiolika. Lakini lazima gia boksi ishushwe, na hapo ndipo wengi wanaahirisha.

Wakiahirisha, wanategemea mteremko. Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg zama za Wajerumani, iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Kyela inashuka mpaka karibu na mita 500, kuelekea Ziwa Nyasa. Ukiegesha gari pua chini, magurudumu yatazungusha injini kupitia klachi. Ni hendeli ileile kwa njia nyingine, na hatari yake imebadilika tu. Injini ikiwa imezimika, breki zinazosaidiwa na injini huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani wa pawa huwa mzito. Hendeli ilimvunja mkono aliyeishika. Gari linaloserereka bila injini linamfuata mwenye bodaboda na mama muuza ndizi kule chini, ambao hata hawajui kwamba flaiwili yako imelika.

Mteremko ukufikishe gereji mara moja. Usiugeuze kuwa stata ya kila siku.