Nani Arudishe? Malipo ya Ziada ya Inua Jamii na Haki ya Kaya za Mpakani Lwakhakha

Kenya haina fao la kukosa kazi. Kijana wa wadi ya Lwandanyi, Kaunti ya Bungoma, aliyeachishwa kazi Nairobi akarejea kwao kando ya mto Lwakhakha, mpakani na Uganda, hana ofisi ya kuiendea akadai chochote kwa sababu ya kuachishwa huko. Sheria ya Usaidizi wa Jamii ya mwaka 2013 iliwataja wasio na ajira miongoni mwa wahitaji wanaostahili msaada wa serikali, ila kutajwa huko hakukumfikishia yeyote shilingi. Tanzania ilisonga mbele mwaka 2018, pale fao la kujitoa lilipoondolewa na fao la upotevu wa ajira likachukua nafasi yake: mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa takriban theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwetu yamekuwapo mafungu ya muda tu. Kazi Kwa Vijana ilizinduliwa mwaka 2009, na Kazi Mtaani ikaja mwaka 2020 wakati wa korona, ikiwalipa vijana shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili.

Anayetaka kuchunguza udanganyifu wa mafao katika Kaunti ya Bungoma, basi, hana budi kuutazama mpango ambao fedha zake zinafika vijijini: Inua Jamii. Mpango huu huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, walezi wa mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zilitolewa 4,000 kila baada ya miezi miwili. Hakijapandishwa kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa bei ya gorogoro la mahindi haikukaa ilipokuwa. Mpango huu hauko mbali na suala la ajira. Katika kaya ambayo watoto wa makamo hawana kazi, fedha za bibi ndizo hulipa sare ya mjukuu, dawa ya shinikizo la damu na mbegu za msimu. Bibi huyo akifariki, kaya nzima hupoteza kipato pekee kilichokuwa na tarehe. Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa, na wanaoandika kuhusu wizi wa mafao bila kuitazama kaya hiyo wanaandika nusu ya habari.

Ninashikilia kwamba serikali ina haki ya kudai fedha zilizolipwa kimakosa, lakini haki hiyo ina mpangilio. Wa kwanza kudaiwa ni afisa na wakala wa malipo waliofanya kosa liwezekane au waliofaidika nalo. Anafuata aliyedanganya kwa kukusudia. Familia iliyotumia malipo ya marehemu kununulia unga na jeneza kabla haijaambiwa lolote iwe ya mwisho kabisa, na katika visa vingi isidaiwe.

Tuanze na kifo, maana ni chanzo kimojawapo cha malipo ya ziada. Mzee anapofia nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye ndiye hutoa kibali cha mazishi. Mara nyingi huwa miongoni mwa waombolezaji na hupewa nafasi ya kuzungumza. Serikali, kwa maneno mengine, huwa imeketi matangani. Inakuwaje basi jina la marehemu liendelee kubaki kwenye orodha ya malipo? Daftari la vifo liko mkononi mwa idara moja na orodha ya Inua Jamii iko mkononi mwa nyingine, na habari inayojulikana na kijiji kizima siku ya kwanza inaweza kuchukua miezi kufika pale malipo yanapoidhinishwa. Wakati huohuo kadi na namba ya siri viko kwa mwana au mkaza-mwana ambaye ndiye aliyekuwa akienda kwa wakala siku zote, kwa kuwa mzee hakuweza kupanda bodaboda. Malipo yakiingia baada ya mazishi, mtu huyo hafanyi jambo jipya. Anafanya alichokuwa akifanya kila mara, isipokuwa sasa kinaitwa wizi.

Simtetei anayejua. Anayechukua fedha za marehemu kwa mwaka mzima na kumdanganya afisa wa maendeleo ya jamii kwamba mzee yu hai, yuko kwa bintiye Kitale, huyo anaiba, na Kanuni ya Adhabu inayo nafasi yake. Lakini kati yake na mjane aliyepokea awamu moja baada ya kumzika mumewe pana umbali mkubwa, na sera inayowaweka katika kapu moja haiwezi kuitwa ya haki.

Lipo pia deni ambalo huzungumzwa kwa nadra. Malipo ya Inua Jamii yamechelewa mara kwa mara, wakati mwingine wazee wakapokea awamu kadhaa kwa mkupuo. Mzee anayefariki wakati serikali imelimbikiza malipo yake ya miezi minne anakufa akiidai serikali shilingi 8,000. Fedha hizo zikifika wiki tatu baada ya maziko, daftari litasema marehemu amelipwa. Hesabu ya haki itasema mdai amelipwa kwa kuchelewa. Katika jamii za Waluhya, maziko yakiisha wanafamilia huketi, wanaomdai marehemu wakajitokeza, na wanaodaiwa naye wakatajwa pia. Utaratibu huo unatazama pande mbili za daftari. Hakuna sababu serikali nayo isifanye hivyo: itoe kwanza inachodaiwa, ndipo ihesabu inachodai. Nina hakika kwamba katika kaya nyingi salio lingekuwa dogo kuliko gharama ya kulifuatilia.

Suala la umri ni gumu zaidi. Wazee wengi wa Bungoma walizaliwa kabla ya kuandikishwa kwa vizazi kuwa jambo la kawaida, na mwaka uliomo kwenye kitambulisho ni makisio ya karani. Mtu anaweza kuwa na miaka 66 akaandikiwa 70, au akawa na 74 akaandikiwa 68. Wa kwanza akigunduliwa ataitwa mdanganyifu. Wa pili, aliyenyimwa haki yake kwa kosa lilelile, hana anayemwita chochote. Wabukusu, Waluhya wa hapa Bungoma, wana ushahidi wao: tohara hufanyika kila mwaka wa shufwa, na kila mwanamume hujua rika lake na waliotahiriwa pamoja naye. Kikao cha kusikiliza shauri la umri wa mwanamume kingepaswa kukubali ushahidi huo. Kwa mwanamke kuna mwaka wa ndoa na umri wa kifungua mimba, japo ushahidi wa namna hii unahitaji uangalifu zaidi.

Kisha upo mpaka wenyewe. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Namisindwa, Uganda, na watu wa pande hizi mbili ni ndugu. Wabukusu na Wamasaaba wa ng'ambo huoana, huzikana na hulima mashamba yanayotazamana. Uganda nayo ina ruzuku ya wazee, iliyoanza mwaka 2010 na ikaja kulipa shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima umri uliwekwa kuwa miaka 80. Mtu mwenye vitambulisho viwili angeweza kuandikishwa pande zote. Hatari hiyo haiwezi kukanushwa, lakini ipimwe kwa ukubwa wake: kanuni ya miaka 80 inawaacha wachache mno wanaoweza kuijaribu, na kinga yake ni idara za nchi mbili kulinganisha majina, kazi ambayo mzee wa Lwakhakha hawezi kuifanya badala yao.

Australia ilionyesha kinachotokea mpangilio wa nani adaiwe kwanza unapopinduliwa. Kuanzia mwaka 2015 serikali yake iliiachia kompyuta kazi ya kukisia malipo ya ziada kwa kugawa mapato ya mwaka mzima katika vipindi vya wiki mbili sawasawa, kana kwamba vibarua hupata ujira uleule kila wakati. Mamia ya maelfu ya watu walitumiwa madai, na mzigo wa kuyakanusha ukawa juu yao. Mwaka 2020 serikali ilikubali kurejesha dola milioni 721 za huko, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2023 ikaulaani mpango huo. Nchini Marekani, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kuwa udanganyifu katika mafao ya ukosefu wa ajira wakati wa korona ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na 135. Baadhi ya hila hizo zilifanywa na magenge yaliyoiba utambulisho wa wengine, si na kaya zenye uhitaji.

Katiba yetu ya 2010 imeshaonyesha pa kuanzia. Ibara ya 226(5) inamtaka mwenye wadhifa wa umma aliyeidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria afidie hasara hiyo, hata kama ameshaondoka ofisini. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya utaratibu wa kiutawala ulio wa haki, pamoja na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri. Benki ya Dunia iliposimamisha fedha zake kwa Kazi Kwa Vijana mwaka 2011 baada ya kuhoji matumizi, hakuna aliyependekeza kwamba vijana waliozibua mitaro warudishe ujira wao. Swali lilipelekwa kwa wasimamizi. Liendelee kupelekwa huko, na kwa wakala anayemkata mzee mia mbili kila awamu kwa kisingizio cha mtandao.

Iko njia rahisi ya kupunguza malipo ya ziada kuliko kuyawinda. Familia inayoripoti kifo ndani ya siku 30 iruhusiwe kisheria kupokea awamu moja ya mwisho kama mchango wa mazishi, na taarifa ya naibu wa chifu itoshe kusimamisha malipo yanayofuata. Leo anayeripoti mapema anapoteza na anayenyamaza anapata. Serikali imeuweka ukweli kuwa hasara, kisha inashangaa unapofichwa. Idara ya Ulinzi wa Jamii na wabunge wa Bungoma waiweke kanuni hiyo katika utaratibu wa Inua Jamii kabla ya msako wowote wa wapokeaji hewa, na hadi itakapowekwa, asipelekewe mjane yeyote barua ya kudaiwa fedha zilizotumwa na ofisi ambayo ilikwisha kujua kwamba mumewe amezikwa.