Sultan Khan: Ridhaa ya Nani?

Kwa Kiswahili, mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Lakini ridhaa pia ni kukubali kwa hiari. Tuliposoma habari za Sultan Khan, tuliona maana hizo mbili zikigongana.

Sultan Khan alizaliwa Punjab, India ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake alimfundisha sataranji kwa kanuni za Kihindi, ambazo askari hawezi kuanza kwa kuruka miraba miwili kama Ulaya. Huenda mmoja tu. Kwa hiyo vitabu vya Ulaya kuhusu ufunguzi wa mchezo havikuwa sehemu ya malezi yake. Mwaka 1928 alishinda ubingwa wa India nzima. Mwaka uliofuata mfadhili wake, Sir Umar Hayat Khan, mwenye mashamba makubwa, alimleta London, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Uingereza. Alishinda tena 1932 na 1933.

Mchezo wake mashuhuri ni ule wa Hastings, mashindano ya 1930/31, dhidi ya Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia hadi 1927. Sultan Khan alishika kete nyeupe. Katika hatua ya tano alimsogeza askari wa pembeni kutoka a2 hadi a3, mraba mmoja tu. Mtazamaji angedhani amepoteza zamu. Kumbe alimzibia askofu wa Capablanca njia ya kufika b4 na kumbana farasi. Aliendelea kukaza taratibu, na baada ya hatua 65 Capablanca akasalimu amri. Baadaye ufunguzi wa namna hiyo ulipewa jina la Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969.

Mwisho wa 1933 mfadhili alirejea India, na Sultan Khan akarudi pamoja naye akiwa bado bingwa wa Uingereza. Hakucheza tena mashindano ya Ulaya. Magazeti ya Uingereza yalimwita mtumishi; jamaa zake wamelipinga jina hilo. Alifariki 1966. Mwaka 2024 Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimtunukia, kwa heshima, cheo cha juu kabisa cha mchezo huo.

Basi tukimwita mchezaji wa ridhaa, tujiulize ridhaa ya nani. Hatua ya a3 aliichagua mwenyewe. Siku ya kuufunga ubao ilifuata safari ya mtu mwingine.