Kila Kitu Kipo Kariakoo

"Usilete vitu, mwanangu. Kila kitu kipo Kariakoo."

Mama aliniambia hivyo mara tatu kwa simu ndani ya mwezi mmoja. Mara zote tatu nilikuwa nimekaa sakafuni, Leicester, kati ya mapipa mawili ya plastiki ya buluu, nikijaribu kuamua nini kirudi nami nyumbani baada ya miaka 11. Watanzania wengi wa Uingereza wanayajua mapipa haya. Unayajaza mashuka, sufuria, viatu vya watoto wa ndugu na pasi ya umeme, unafunga mfuniko kwa pete ya chuma, halafu wakala anakuja na gari kuyachukua. Baada ya wiki kadhaa yanatokea bandarini Dar es Salaam.

Mapipa yangu yalikaa matupu wiki mbili. Vitu nilikuwa navyo. Kilichonizuia kuanza ni barua.

Baba alipofariki mwaka 2016 nilirithi bahasha yake ya vyeti. Ndani yake mlikuwa na ile karatasi nyepesi ya buluu ya barua za ndege, imeandikwa Kariakoo Mei 1984 na kaka yake, baba yangu mkubwa. Wakati huo baba alikuwa Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, anamalizia masomo ya uhandisi. Baba mkubwa anamsalimia, anampa habari za wagonjwa na waliofiwa, kisha anaorodhesha: sabuni za kufulia na za kuogea, dawa ya meno, betri za redio, balbu, nyembe, viatu vya mama namba tano. Mwisho kabisa, chini ya salamu za majirani, ameandika: "Na bafta nyeupe, mita kumi na tano. Usisahau hii."

Orodha hiyo ina historia yake, na historia hiyo inaanzia kwenye jina la mtaa ilikoandikwa.

Kariakoo ni neno la mizigo. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi katika vita ambavyo havikuwa vyao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Ndimi za wenyeji zililigeuza jina la Kiingereza likawa Kariakoo. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mwanajeshi na bunduki yake. Wapagazi wakabakiwa na jina la soko.

Waingereza waliugawa mji kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Hapo Kariakoo ndipo babu alipojenga nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko. Vyumba viwili vilikaliwa na familia, vinne wapangaji. Mama yangu alikuwa binti wa mpangaji wa chumba cha pili kushoto. Ndiyo maana anayajua mambo ya nyumba ile ambayo baba hakuyashuhudia.

Msomaji kijana anaweza kushangaa: inakuwaje mtu wa Kariakoo aombe sabuni kutoka Odessa? Tangu 1967 biashara kubwa ya kuingiza na kusambaza bidhaa ilikuwa imewekwa mikononi mwa shirika la umma, na mwaka 1973 kazi hiyo ikagawiwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mpango huo ulihitaji fedha za kigeni, na mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha hizo zilikauka. Mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Viwanda vilikuwepo. Pale Ubungo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kikifanya kazi tangu 1968. Lakini mashine inahitaji vipuri, vipuri vinahitaji dola. Nchi inayolima pamba ikakosa nguo. Watu walipanga foleni bila kujua mbele kunauzwa nini. Unajipanga kwanza, unauliza baadaye.

Kisha ikaja 1983. Mwezi Machi mwaka huo serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza msako wa walanguzi, na ikatungwa sheria ya kuwashughulikia wahujumu uchumi. Aliyekutwa na bidhaa nyingi alitakiwa kueleza alizipataje. Wengine walitupa mali usiku, wengine wakazichimbia. Mama anakumbuka asubuhi moja kuona mtaroni mtaa wa pili povu la sabuni, na wanawake wakiliteka kwa ndoo. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Kwa hiyo baba mkubwa alipoandika Mei 1984 alikuwa mtu mwenye shida na mwenye hofu. Barua inasisitiza kwamba baba aje na risiti ya kila kitu, "hata ya wembe". Hakujua kwamba mwezi uliofuata upepo ungegeuka. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa nchini bila kuulizwa alizipata wapi. Mabaharia, wafanyabiashara na waliokuwa na ndugu nje wakaanza kuingiza pikapu, vitenge, sabuni na redio. Ndani ya mwaka mmoja au miwili rafu zilianza kujaa, ingawa mifuko ya wengi ilibaki mitupu. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985, watu walimwita Mzee Ruksa. Mitumba ikamwagika Kariakoo kwa jina la kafa Ulaya, kwa kudhani kwamba aliyeivaa kwanza alikwisha kuzikwa huko.

Baba alifungasha katikati ya mabadiliko hayo bila kuyaona. Kwa posho aliyoiweka miaka mitano alinunua friji ndogo na cherehani iliyotengenezwa Podolsk, akavitia kwenye kreti pamoja na sabuni na betri, akalipia meli. Yeye mwenyewe alirudi kwa ndege mwezi Agosti na sanduku moja lililojaa vitabu vya uhandisi, suti, viatu vya bibi namba tano, na seti ya vikombe vya kaure.

Bafta hakuleta. Aliniambia hilo mwaka mmoja kabla hajafa, nilipomuuliza kwa mzaha Warusi walikuwa wanavaa nini. Alisema alikiona kitambaa cheupe cha pamba dukani, akakipima kwa macho, akajiuliza nyumbani wanataka kushona nini cha mita 15. Kwenye mizani ya sanduku kilimtaka aache vitabu viwili. Akaacha kitambaa.

Bibi alifariki Oktoba, wiki ya nane tangu mwanawe arudi. Alikuwa mgonjwa tangu mwanzo wa mwaka. Baba mkubwa alijua, na hakuweza kuandika neno "sanda" katika barua kwa mtoto aliye mbali na anayekaribia mitihani. Mama anasimulia siku ile kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuirudia mara nyingi: bibi alikata roho alfajiri, barua ikaandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, wakaenda nayo kutafuta kibali, mwenye muhuri hakuwepo, alipopatikana, ghala halikuwa na nguo nyeupe. Mwishowe jirani mmoja, mjane, alifungua kasha lake akatoa sanda aliyojiwekea mwenyewe. Bibi akazikwa jioni, baada ya Alasiri. Baba alishinda barazani na viatu namba tano, vipya, miguuni pake.

Kreti liliwasili Novemba. Friji ilikuwa ya kwanza katika nyumba ile, na watoto wa wapangaji walipanga foleni ya barafu. Cherehani hakuna aliyeiomba. Fundi mmoja aliigeuza, akaitazama kwa chini, akasema hii ni Singer iliyobadilishwa jina. Alikuwa sahihi: kiwanda cha Podolsk kilianzishwa na Singer kabla ya mapinduzi ya Urusi, na sindano za Singer zilizouzwa Kariakoo ziliingia humo bila matata. Mama aliolewa na baba mwaka 1986, akaikalia cherehani hiyo barazani miaka 20. Ada yangu ya sekondari ilitoka chini ya sindano ile. Baba aliacha kitu alichoombwa, akaleta ambacho hakikuombwa, na mpaka leo sijui niiweke vipi hesabu hiyo.

Waliorudi baada yake walibeba orodha nyingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kituo kilipofunguliwa, kila aliyetoka nje aliagizwa televisheni. Miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa Kariakoo walianza kwenda Dubai, na baadaye Guangzhou. Nyumba za Kiswahili zikauzwa moja moja, zikaota ghorofa. Ya kwetu iliuzwa 2009. Mahali palipokuwa na baraza pana duka la mabegi, na juu yake stoo hadi orofa ya sita. Leo wanunuzi wanatoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro kuja kufunga mzigo pale. Mtaa ulioomba nyembe kwa barua sasa unaviuzia vijiji vya nchi jirani friji.

Aliye nje hufungasha kwa ajili ya mji aliouacha. Baba alifungashia Dar ya 1979, yenye shida ndogo ndogo, ambamo mita 15 za bafta ni jambo la mshonaji. Mimi nilikuwa naifungashia Dar ya nilipoondoka, na mama ananiambia mji huo haupo.

Nilipopiga hesabu nilimwona ana haki. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru mkazi anayehamia nyumbani kwa vyombo alivyokuwa akivitumia huko atokako, na gari moja kama amelimiliki na kulitumia walau miezi 12. Sheria inapenda vilivyotumika. Kile kilicho kwenye boksi lake, kilichonunuliwa wiki ya mwisho ili kuwafurahisha watu, ndicho kitakachokugombanisha na afisa. Vyombo vya umeme vya Uingereza vinafaa Tanzania, volti 230 na plagi ya miguu mitatu ile ile, tofauti na ndugu zetu wa Marekani ambao blenda zao za volti 120 huungua siku ya kwanza. Lakini kufaa si sababu ya kusafirisha. Blenda mpya ipo Mtaa wa Kongo, na ikiharibika fundi wake yupo hatua kumi mbele.

Mara ya nne nilimpigia mama nikiwa na swali tofauti. Nilimwuliza tu ndani kwake kukoje sasa hivi. Anakaa vyumba viwili Ilala, si mbali na Kariakoo. Akaanza kunitembeza kwa maneno: kitanda, meza, cherehani pembeni ya dirisha, friji ya baba yako.

"Bado unayo, mama? Si ilikufa?"

"Ilikufa siku nyingi, tangu ule mgao wa umeme. Mimi naiweka nguo. Panya hawaingii."

Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema sanda yake ameshainunua, imo humo, rafu ya juu, kwenye mfuko. Siku hizi zinauzwa Kariakoo zimekwisha kukatwa, na karafuu maiti na pamba ndani yake. "Usije ukahangaika kama baba yako mkubwa."

Nilinyamaza. Naye hakunihimiza kusema. Baadaye nikamwuliza anatumia dawa gani za presha, magoti yanamwumaje usiku, anaoga amesimama au amekaa. Yalikuwa maswali ambayo kwa miaka 11 niliyafunika kwa kutuma pesa.

Pipa la pili nilimpa jirani Mkongo anayetuma mzigo Lubumbashi. La kwanza niliweka mashuka mawili ya pamba yaliyofuliwa mpaka yakalainika, sufuria moja nzito, mashine ya kupimia presha niliyokuwa nikijipimia mwenyewe, vitabu, na bahasha ya vyeti vya baba. Barua ya Mei 1984 niliitoa ndani ya bahasha, nikaiweka kwenye begi la mkononi. Lilibaki pengo la kama robo ya pipa. Wakala alinishangaa, akasema nauli ni ile ile, jaza. Nikamwambia funga hivyo hivyo.