Spea ya kampuni au ya bei nafuu? Uliza kwanza ikiharibika itakuacha wapi

Mteremko wa kuingia feri ya Likoni si mahali pa kugundua kwamba pedi zako za breki ni mbovu. Mimi niligundua hapo. Nilikuwa nimezibadilisha wiki tatu nyuma, fundi akiniapia kuwa ni sawa tu na za kampuni, nami nikafurahia kuokoa pesa. Siku hiyo nilikanyaga kwa nguvu zote na gari likaendelea kushuka polepole, likasimama shibiri moja nyuma ya mkokoteni wa muuza maji. Alhamdulillahi. Gurudumu lilipofunguliwa, pedi zilikuwa zimekauka na kung'aa kama kioo.

Tangu hapo, kabla ya bei nauliza spea hii ikifa njiani itanifanya nini.

Watu wengi hudhani kuna jenuini na feki basi. Sivyo. Toyota haitengenezi kila kitu chake. Plagi nyingi hutoka Denso, shokabzoba nyingi hutoka KYB, na pampu za maji Aisin. Kampuni hizo huuza bidhaa zao pia ndani ya maboksi yao wenyewe, na mara nyingi kwa bei ya chini kuliko boksi lenye jina la Toyota. Hapo ndipo mwenye akili hununua. Halafu kuna viwanda vingine vinavyotengeneza spea kwa jina lao halali, vingine vizuri, vingine ovyo. Kisha kuna mitumba ya kutoka Japani. Feki ni kitu kingine kabisa: ni spea iliyovaa jina la mwenzake. Neno ghushi lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na sisi Waislamu tunajua hukumu ya mwenye kughushi sokoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 nayo inaiita hatia.

Kwa breki, usukani, boljointi na mkanda wa taimingi, mimi sibahatishi. Mwenye Hiace ya dizeli yenye injini ya 1KD anajua: mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni, na pesa ulizookoa kwenye mkanda hazitanunua hata gasketi ya injini mpya. (Mwenye Probox ya injini ya 1NZ ana cheni, apumue kidogo.) Nunua ya kampuni, au ya yule anayeitengenezea kampuni.

Filta ya oili watu huidharau kwa sababu ni bei ndogo. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likilala. Ile ya ovyo haina, au mpira wake ni mgumu, ndiyo maana asubuhi ukiwasha unasikia injini ikigonga kwa sekunde kadhaa kabla oili haijapanda.

Bampa, kioo cha pembeni, taa, mkono wa mlango? Hapo usijitie hasara. Mtumba wa Japani hukaa vizuri zaidi kuliko bampa jipya la kuiga, ambalo matundu yake hayalingani na gari. Ila mtumba wa kitu cha mpira, kama mikanda au shokabzoba, uachie wenyewe. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni.

Dukani nenda na nambari ya chesi, si jina la gari tu. Probox zinafanana, lakini injini zake ni tofauti. Nambari ya spea ya Toyota kwa kawaida ina herufi na tarakimu 10, tano tano. Ile ya kwenye boksi ilingane na ile utakayopewa kwa chesi yako, na ikiwa imeandikwa kwenye spea yenyewe, ilingane pia. Usiamini boksi peke yake, boksi ndilo jambo rahisi zaidi kuiga. Tazama maandishi yaliyopinda, hologramu isiyobadilika ukiigeuza, chuma kilichoanza kutu kabla hakijafungwa. Dai risiti yenye jina la spea. Na mwambie fundi akurudishie ile kuukuu, hata kama utaitupa.

Pedi za pili zilinigharimu karibu mara mbili ya zile za kwanza. Fundi bado ni yuleyule, mkono wake sina shaka nao. Dukani ndiko siku hizi naenda mwenyewe.