Kompyuta inayotusemesha Kiingereza

Wasomaji wangu, leo turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa miaka ya 1980, vyuo vyetu vikabaki kukimbizana na wenzao. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikaanzisha Chuo Kikuu Mtandao cha Afrika: profesa yuko ng'ambo, setilaiti inaleta mhadhara, mwanafunzi huku anasikiliza. Tulikuwa wapokeaji tu.

Lakini jamani, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, amri zake zote kwa Kiswahili!

Sasa mchukue kijana wa Vugiri, kule milimani Korogwe. Kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anateremka kwenda chuo cha ualimu, ili kesho naye afundishe shule ya msingi, kwa Kiswahili hicho hicho. Kwa nini kompyuta anayojifunzia imsemeshe Kiingereza? Njia ilishafyekwa mwaka 2004. Wangapi tumeipita?

Tafakari.