SAFE, SAFELY au SAFETY? Mdau, acha kuchapia ung'eng'e kwenye barua ya kazi

Ukiingia kafe ya intaneti pale Kahama mjini au Geita, hukosi kijana anayeandika barua ya kuomba kazi mgodini. Juzi nilikaa jirani na dogo mmoja, akaniomba nimsomee ya kwake kabla hajaituma. Mambo yote fresh mpaka nilipofika kwenye mstari huu: "I am safety and I work very safe." Nikamuuliza, hapa ulitaka kusema nini? Akajibu, "Kwamba mimi nafanya kazi kwa usalama, kaka." Maana anayo kabisa, ila neno limempiga chenga.

Basi leo tuliweke sawa hili neno moja tu, SAFE. Ukanda wetu huu wa dhahabu utakutana nalo kila siku: kwenye mabango ya mgodi, kwenye usaili, na kwenye mafunzo ya siku ya kwanza kazini.

TATIZO LINATOKA WAPI?

Linatoka kwenye neno letu "salama". Hilo neno ni kiraka, linacheza namba zote. Tunasema maji salama, tunasema amefika salama, na mtu akikusalimia unamjibu salama. Wenzetu Wasukuma nao wana "mhola", ukiulizwa hali unajibu "mhola duhu" na maisha yanaendelea. Kiingereza kimegawa hizo kazi kwa maneno tofauti:

1. SAFE ni sifa. Inasema kitu au mtu yukoje. "The road is safe." Barabara ni salama.
2. SAFELY inasema kitendo kinafanyikaje. "He works safely." Anafanya kazi kwa usalama.
3. SAFETY ni jina, yaani usalama wenyewe. "Safety comes first." Usalama kwanza.

Kwa hiyo yule dogo alitakiwa aandike: "I work safely and I follow safety rules." Imeisha hiyo.

SAFE INAKAA WAPI?

Inakaa sehemu mbili. Ya kwanza ni kabla ya jina: safe water, a safe place, a safe driver. Angalia, sisi tunasema "maji salama", wao wanageuza. Ya pili ni baada ya is, are, was na ndugu zake: "The ladder is safe." Ngazi iko salama. Usiweke SAFETY hapo. "This place is safety" ni sawa na kusema "mahali hapa ni usalama".

Habari njema ni kwamba SAFE haibadiliki kwa wingi, kama "salama" isivyobadilika. Mtu mmoja safe, watu mia safe. Ukilinganisha unasema SAFER na SAFEST: "This pit is safer than that one." Shimo hili lina usalama kuliko lile. Usiseme "more safer", hapo umelinganisha mara mbili.

Mbona basi tunasikia "safety boots"? Pale SAFETY ni jina linaloonyesha kazi ya kile kitu: buti za kukulinda. Ndo maana hata sheria yetu ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, kwa Kiingereza inaitwa Occupational Safety and Health Act. Ukisema "safe boots" unamaanisha buti ambazo zenyewe hazina madhara, na hilo silo ulilokusudia.

VIUNGO VYAKE

SAFE TO, halafu kitendo: "Is this water safe to drink?" Haya maji yanafaa kunywa?
SAFE FOR, halafu mtu: "Mercury is not safe for children." Zebaki si salama kwa watoto. Na wachenjuaji mliopo humu mnaelewa, ile ikichomwa mvuke wake ni sumu.
SAFE FROM, halafu hatari: "We are safe from the rain here." Hapa mvua haitupati.

PALE TUNAPOCHAPIA SANA

Salamu. Mzungu akikuuliza "How are you?" usimjibu "I am safe." Atashtuka, atadhani umenusurika ajali. Sema "I am fine." Vijana wa mitaa ya London wanasema "Safe!" kama sisi tunavyosema "poa", ila hiyo ni lugha ya kijiweni, usiipeleke kwenye usaili.

Safari. "Safari njema" ni "Have a safe journey." Sio "safety journey". Akishafika unasema "He arrived safely." Hata "He arrived safe" ni sahihi.

Safi. SAFE na safi zinafanana kwa macho tu. Maji yanaweza kuwa safi kwa kuyatazama na bado yasiwe salama. "Clean water is not always safe water."

Save. SAFE inaishia na F, SAVE inaishia na V. SAVE ni kitendo, kuokoa au kutunza. Hata hapo kafe, ukibonyeza Save unatunza barua yako isipotee.

Sefu. Ndiyo, lile sanduku la chuma la kutunzia fedha ni neno hilihili. "The gold is safe in the safe." Dhahabu iko salama ndani ya sefu.

SAFE NA ALIVE SIO KITU KIMOJA

Hapa tutulie kidogo. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi machimbo ya Nyangarata, Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kwa Kiingereza unasema "Five men were found alive." Ukisema "safe and sound" umekosea, maana hiyo ni mzima na bila dhara lolote, na wale walitoka wamedhoofu, wakapelekwa hospitali. ALIVE ni kwamba anapumua. SAFE ni kwamba hatari imeshapita.

Januari 2017 watu 15 walikwama chini kwenye mgodi wa RZ huko Geita, wakatolewa wote baada ya siku kama tatu. Walipokuwa bado chini na mawasiliano yapo, ungesema "They are alive, but they are not safe yet." Walipofika juu ndo unasema "They are safe now."

SENTENSI YA KUTOKA NAYO

Kama hukumbuki kingine chote, shika hii: "It is not safe." Siku msimamizi mgeni asiyejua Kiswahili anakutuma ndani na wewe umeona matimba yamevunjika, usianze kuzunguka na "Sorry sir, I was thinking maybe..." Sema fupi, halafu taja sababu:

"It is not safe. The timber is broken."
"It is not safe to go in. I can smell gas."

Kinyume cha SAFE ni UNSAFE au DANGEROUS, zote sawa. Ila "not safe" ni rahisi na hata mtu mwenye hofu haimpotei mdomoni. Kuumauma maneno kwenye barua ya kazi unaweza kukosa usaili tu. Kuumauma mdomoni mwa shimo ni habari nyingine.

JIPIME

a) Please drive ____.
b) Is it ____ to use this rope?
c) Mine ____ is everybody's job.

Majibu: a) safely, b) safe, c) safety. Aliyepata zote tatu ajipongeze. Aliyekosa moja arudi juu kusoma tena, hatumcheki. Kama kuna neno lingine la ung'eng'e linakusumbua, litupie hapo chini kwenye maoni tulijadili. Kazi njema wadau, na mliopo mashimoni, be safe.