Usiache mbachao: historia ya kuonja mfumo mpya wa kompyuta

Salamu kutoka Kakamega, ambako mvua ya alasiri haijatusahau na stima bado inatutania.

Leo naomba tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Sababu ni swali ambalo limekuwa likizunguka hapa mjini tangu Oktoba 2025: "Laptopu yangu imekataa Windows 11. Nitupe, ninunue nyingine, au nijaribu hiyo Linux mnayoisifu?"

Kwa asiyefuatilia, mambo yalikuwa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliokubali kujiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Sasa ingia duka lolote la laptopu za mtumba uangalie kibandiko kilicho karibu na kibodi. Nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Ni mashine zinazofanya kazi vizuri kabisa, ila zimefungiwa mlango.

Shida ni kwamba ndani ya laptopu hiyo mna picha za watoto, daftari la chama, barua za kazi, na kazi ya chuo ambayo haijakamilika. Kosa moja wakati wa kuweka mfumo mpya, vyote vinakwenda. Wahenga walishatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni ule mkeka wako uliochakaa. Lakini wahenga hawakutuambia utajuaje kama msala mpya unapita tu au umekuja kukaa. Swali hilo wataalamu wa kompyuta wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 30, na kwa maoni yangu historia yake, mbali na ufundi wake, ni historia ya nani anayebeba hasara jaribio likienda mrama.

Tuanze mwanzo. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux ya kwanza mwaka 1991. Kufikia 1993 kulikuwa na mikusanyo kama Slackware ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka kwenye kompyuta yake. Nasema angeweza, lakini kwa jasho. Mkusanyo ulikuja kwa flopi nyingi, kila moja ikibeba MB 1.44 tu, na flopi moja ikiharibika unarudi nyuma. Halafu lilikuja lile jambo la kutisha: kugawa diski.

Kompyuta nyingi zilikuja na diski kuu moja iliyojaa Windows au DOS kutoka mwanzo hadi mwisho. Ili Linux ipate mahali pa kukaa ilibidi diski ikatwe vipande viwili, na njia ya kawaida ya kuikata ilikuwa kufuta kila kitu kwanza. Baadaye vilikuja vyombo vidogo kama FIPS vilivyoweza kupunguza sehemu ya DOS bila kufuta, lakini hata watumiaji wake walishauriwa watunze nakala ya kila kitu kabla ya kuanza. Kisha kulikuwa na LILO, programu iliyokaa mwanzoni kabisa mwa diski na kukuuliza unataka kuwasha mfumo upi. LILO ikiharibika, kompyuta haiwaki kabisa. Na siku ukisakinisha Windows upya, Windows inaifuta LILO bila hata kubisha hodi.

Kwa hiyo katika miaka hiyo kujaribu na kuhamia vilikuwa kitu kimoja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapo hukuwa na njia ya kuyapima maji kabla ya kuvua nguo. Hasara yote ilikuwa juu ya mwenye kompyuta. Mwenye kompyuta mbili alijaribia kwenye ile ya pili. Na huku kwetu, ambako kompyuta moja ilihudumia ofisi nzima au maabara nzima ya shule, ya pili ungeitoa wapi?

Wazo la kuepuka hatari hii lilikuja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa mwaka 1992 kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Yggdrasil ilitoa Linux iliyoweza kuendeshwa kutoka kwenye CD bila kuwekwa kwenye diski kuu. Lakini wakati huo kompyuta hazikujua kuwaka kutoka kwenye CD. Ilibidi uanze na flopi, halafu flopi ndiyo iiamshe CD. Ni mwaka 1995 ndipo kampuni za Phoenix na IBM zilipotoa kanuni iitwayo El Torito, iliyoeleza namna BIOS inavyoweza kusoma CD moja kwa moja pindi mashine inapowashwa. Tangu hapo watengenezaji wakaanza kuiingiza kwenye kompyuta zao, na mlango ukafunguka.

Aliyeupita mlango huo kwa kishindo ni Mjerumani Klaus Knopper. Mwaka 2000 alitoa Knoppix, iliyojengwa juu ya Debian. Unaiweka CD, unawasha kompyuta, na baada ya dakika chache una mfumo mzima: kivinjari, programu za ofisi, michezo. Ukiitoa CD na kuwasha tena, Windows yako iko palepale ulipoiacha. Watu waliziita CD za namna hii CD hai.

Ilifanyaje kazi? Mambo matatu. Kwanza, faili zote ziligandamizwa, hivyo programu za karibu GB 2 zikaenea kwenye CD ya MB 700, na zilifunguliwa kidogo kidogo kadiri zilivyohitajika. Pili, mfumo ulijikagulia wenyewe vifaa vya mashine kila ulipowashwa, yaani kadi ya picha, ya sauti na ya mtandao, kwa sababu haukujua utajikuta kwenye kompyuta ya nani. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila ulichobadilisha kiliandikwa kwenye memori tu. CD haiandikiki, diski kuu haiguswi, na memori husahau kila kitu umeme ukikatika. Usahaulifu huo, ambao kwa kawaida ni kero, hapa ndio uliokuwa ulinzi wako.

Mafundi waligundua upesi kwamba chombo cha kuonjea ni chombo cha kuokolea pia. Windows ikikataa kuwaka, unaweka Knoppix, unafungua diski, unanakili faili za mteja, ndipo unaanza matengenezo. Watu wengi waliiona Linux kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, siku Windows yao ilipokufa.

Basi turudi nyumbani. CD hai ilikuwa dawa nzuri, lakini dawa ilikuwa mbali. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Tulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na kasi ndogo. Fanya hesabu nami: CD ya MB 700 kupitia modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata kama laini haikatiki hata mara moja, huchukua zaidi ya saa 27. Kwenye saiba unakolipa kwa dakika, hilo si jaribio, ni mradi wa kuchangiwa na ukoo.

Suluhisho lilitoka kwa Mwafrika. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu mnamo Oktoba 2004, na kampuni yake ya Canonical ikaanzisha huduma ya ShipIt. Unaandika jina na anwani yako ya posta, na CD inakuja bure, gharama ya kutuma ikiwa juu yao. Kwetu sanduku la posta lilikuwa na kasi kuliko intaneti! CD moja ilizunguka kutoka mkono hadi mkono, ikinakiliwa njiani, na ilikuwa halali kuinakili. Mwanzoni zilikuja mbili, moja ya kuonja na nyingine ya kusakinisha. Toleo la Juni 2006 liliziunganisha: unaonja kwanza, ukiridhika unabofya kitufe cha kusakinisha palepale. Huko Afrika Kusini Wakfu wa Shuttleworth ulikwenda mbali zaidi na kuweka vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster, ambapo mtu alikwenda na CD tupu na kuchomewa programu huria bila kugusa intaneti.

Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinafanya jaribio la namna nyingine. Mradi wa Kilinux ulitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ukaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. OpenOffice ilifanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux vilevile. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kubadilisha programu kwanza, akazizoea akiwa bado nyumbani kwake kwenye Windows, na mfumo endeshi ukawa ndio kitu cha mwisho kubadilika. Mpaka leo naamini huu ndio ushauri bora kwa anayehama, na umetoka hapa jirani.

Mwaka 2009 waya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 2011 Canonical ilifunga ShipIt. Posta ilikuwa imemaliza kazi yake.

Kati ya hapo njia nyingine mbili zilijitokeza. Ya kwanza ni kompyuta ndani ya kompyuta. VMware iliileta kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999, na mwaka 2007 VirtualBox ikatolewa kama programu huria. Mfumo mpya unawaka ndani ya dirisha, ukiamini una mashine yake. Kwa usalama haina mpinzani, lakini inataka memori ya kutosha mifumo miwili, na haikuonyeshi kama waifai yako halisi itafanya kazi, kwa sababu mfumo ulio ndani unaona vifaa vya kubuniwa. Ya pili ni Wubi, iliyokuja na Ubuntu ya Aprili 2008. Iliiweka Ubuntu ndani ya faili moja kubwa kwenye Windows, na ukichoka uliiondoa kama programu yoyote. Udhaifu wake ni kwamba faili hiyo ilidhurika kwa urahisi zaidi kompyuta ikizimika ghafla. Kwa nchi ambako stima hupotea bila kuaga, hiyo haikuwa kasoro ndogo. Wubi iliachwa mwaka 2013.

Kilichobaki ni flashi ya USB. Inasoma kwa kasi kuliko CD, inafutika na kuandikwa tena, na kila kibanda cha simu kinaiuza. Ndiyo CD hai ya leo.

Lakini historia inatupa onyo moja zaidi. Mnamo Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye toleo lenye mlango wa siri. Waliopakua siku hiyo walidhani wanaonja kwa usalama. Ndiyo maana watengenezaji huchapisha namba ndefu ya kuhakiki kando ya kila faili, na ndiyo maana kuilinganisha si ushamba.

Sasa kwa yule mwenye laptopu iliyokataliwa. Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje kwanza, hata kama unaonja tu. Tumia flashi isiyo na kitu, maana itafutwa yote. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kabla hujagusa mipangilio ya BIOS, la sivyo Windows inaweza kukudai ufunguo huo usio nao. Kisha washa kutoka kwenye flashi na ufanye kazi zako halisi: unganisha waifai, chapisha ukurasa, piga simu ya video, ifunge laptopu ilale na uiamshe. Usiuhukumu mfumo kwa kasi yake, kwa sababu flashi ni polepole kuliko diski ya ndani. Na kumbuka kwamba mfumo ulio kwenye flashi bado unaweza kufungua diski yako na kufuta faili ukiuamuru. Hauigusi kwa hiari yake, lakini mikono yako inaweza.

Zaidi ya yote, tambua kitufe kimoja. Siku utakapobofya kusakinisha na kuchagua kufuta diski yote, unarudi mwaka 1993. Ulinzi wote uliojengwa na Knopper na wenzake unaishia pale, na hasara inarudi juu yako. Hakuna ubaya, mradi uwe umeyapima maji, na daftari la chama liwe na nakala mahali pengine.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Jaribuni polepole, na mbachao usitupwe bado. Alamsiki.